Maana ya Kuachiliwa: Historia Fupi ya Kanuni ya Kutoshtakiwa Mara Mbili kwa Kosa Moja

1. Utangulizi

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mahakama ya hakimu katika mji mmoja wa pwani. Sikwenda kwa kesi yangu, bali nilimsindikiza jirani yangu mmoja, mvuvi mtu mzima, aliyeshtakiwa kwa wizi wa mashine ya mashua. Siku hiyo shahidi mkuu hakufika, na hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mwendesha mashtaka alisimama akasema maneno machache kwa Kiingereza, hakimu akaandika, kisha mkalimani akamgeukia mshtakiwa na kumwambia: “Mzee, mahakama imekuachilia. Nenda nyumbani.” Huko nje wanawake wa ukoo walipiga vigelegele, na jioni dua ikasomwa. Hazikupita wiki sita akakamatwa tena kwa shtaka lile lile, mashine ile ile na tarehe ile ile. Nilipokwenda kumwona, alikuwa na swali moja tu: “Mwalimu, si niliachiliwa?”

Nilimjibu kama ambavyo wengi wetu tungejibu, kwamba sheria haimruhusu mtu kushtakiwa mara mbili kwa kosa moja, na kwamba bila shaka kumetokea kosa. Kosa lilikuwa langu. Sheria niliyokuwa nikiitaja ipo, tena ni ya kale sana, lakini haikumhusu jirani yangu siku ile, kwa sababu ambayo yeye hakuelezwa na mimi sikuijua. Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya kanuni hiyo tangu Ulaya ya kale, kupitia Uingereza na India, hadi kufika kwetu Kenya, na kuonyesha kwamba katika safari yote hiyo jambo kubwa halikuwa idadi ya mara ambazo mtu ameshtakiwa, bali ni namna kesi yake ya kwanza ilivyokwisha. Ikiwa ndivyo, basi neno linalotumiwa kumweleza mtu namna kesi yake ilivyokwisha si jambo dogo la ukalimani. Ndilo linalompa habari ya kinga yake au kumnyima.

2. Kisa cha kasisi wa Bedford

Kanuni yenyewe ni kongwe. Mwaka 355 kabla ya Kristo, Demosthenes aliwakumbusha watu wa Athens kwamba sheria zao zilikataza mtu kushtakiwa mara mbili kwa jambo moja. Kadhalika sheria za Kirumi zilizokusanywa kwa amri ya Mfalme Justinian na kutolewa mwaka 533 zilimkataza liwali kumruhusu mtu ashtakiwe tena kwa kosa ambalo alikwisha kuonekana hana hatia nalo. Lakini katika Uingereza, nchi ambayo sheria zake ndizo zilizotufikia sisi, kisa mashuhuri ni cha karne ya kumi na mbili.

Wakati huo Uingereza ilikuwa na mahakama za namna mbili: za mfalme na za Kanisa. Makasisi walihukumiwa na Kanisa, ambalo halikuwa na adhabu ya kifo. Mfalme Henry wa Pili, aliyetawala tangu 1154, hakuridhika na hali hiyo. Mnamo 1163 lilizuka jambo la kasisi mmoja wa Bedford aliyeitwa Philip de Broi. Alikuwa ameshtakiwa kumwua askari mmoja mwenye cheo, akajitetea kwa kiapo katika mahakama ya Askofu wa Lincoln, na akaonekana hana hatia. Baadaye jaji wa mfalme, Simon fitz Peter, alitaka kuifufua kesi hiyo. Kasisi alikataa kujibu, tena akamtukana jaji. Habari ilipomfikia mfalme, alighadhibika. Askofu Mkuu Thomas Becket aliikubali kesi ya matusi, na kasisi akaadhibiwa kwa matusi yake. Lakini shtaka la mauaji halikufunguliwa tena, kwa kuwa lilikwisha kuamuliwa.

Mwaka uliofuata, Januari 1164, mfalme alitoa masharti yake pale Clarendon. Sharti moja lilitaka kasisi aliyeshtakiwa apelekwe katika mahakama ya Kanisa, na akionekana ana hatia, Kanisa lisimkinge tena, bali arudishwe kwa watu wa mfalme apewe adhabu yao. Becket alipinga. Alitegemea mafundisho ya Mtakatifu Jerome, ambaye alipokuwa akifafanua kitabu cha Nabii Nahumu alieleza kwamba Mungu hamhukumu mtu mara mbili kwa jambo moja. Ikiwa Mungu hafanyi hivyo, mfalme ni nani hata afanye? Ugomvi huo, pamoja na mengine, uliendelea hadi tarehe 29 Desemba 1170, Becket alipouawa na watu wa mfalme ndani ya kanisa lake la Canterbury. Mwaka 1176 Henry alimkubalia mjumbe wa Papa kwamba makasisi hawatapelekwa katika mahakama za mfalme kwa makosa ya jinai, isipokuwa makosa ya misitu ya mfalme.

Wanahistoria hawakubaliani ni kwa kiasi gani ugomvi huu ndio uliozaa kanuni ya Kiingereza. Hata hivyo, kisa hiki chatufunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba kinga hii, hapo mwanzo, haikudaiwa kwa ajili ya kila mtu. Ilidaiwa kwa ajili ya tabaka moja lililokuwa na elimu, na elimu yenyewe ilikuwa ya Kilatini, lugha ambayo mkulima wa Kiingereza hakuifahamu. La pili ni kwamba hoja yote ya Becket ilisimama juu ya neno moja, nalo ni “hukumu”. Philip de Broi alikingwa kwa sababu mahakama ya kwanza ilikwisha kuhukumu. Lau mahakama ya Lincoln ingaliiahirisha kesi tu na kumwambia aende nyumbani, Becket asingalikuwa na la kusema.

3. Toka mapigano hadi maandiko

Isidhaniwe kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Kwa karne nyingi Mwingereza aliyetuhumiwa kuua aliweza kukabiliwa na mashtaka ya namna mbili: shtaka la mfalme na shtaka la jamaa za marehemu. Sheria ya mwaka 1487 ilieleza wazi kwamba mtu aliyeonekana hana hatia katika shtaka la mfalme angeweza bado kushtakiwa na mjane au mrithi wa aliyeuawa. Njia hiyo ilisahauliwa pole pole, hata ilipofika 1817 watu wengi hawakujua kwamba bado ipo.

Mwaka huo Abraham Thornton alishtakiwa huko Warwick kwa kumwua msichana aliyeitwa Mary Ashford. Alionekana hana hatia. Watu wa wilaya ile hawakuridhika, na kaka yake marehemu, William Ashford, akamshtaki tena kwa njia ile ya kale. Thornton naye akajibu kwa ukale huo huo: alitupa glavu chini mbele ya majaji mjini London akadai haki ya kupigana na mshtaki wake, kwa kuwa sheria ya shtaka la jamaa ilimruhusu mshtakiwa kuamuliwa kwa mapigano. Majaji walitafuta katika vitabu wakaona kwamba kweli haki hiyo haijafutwa. Ashford alikuwa kijana asiye na nguvu. Hakukubali kupigana, na mwaka 1818 Thornton akaenda zake. Mwaka 1819 Bunge lilifuta mashtaka ya jamaa na mapigano pamoja.

Kabla ya hapo, mwaka 1769, mwanasheria William Blackstone alikuwa amekwisha kuandika kwamba ni kanuni ya sheria ya Kiingereza kwamba mtu asitiwe katika hatari ya maisha yake zaidi ya mara moja kwa kosa moja. Mwaka 1791 Wamarekani waliitia kanuni hiyo katika Katiba yao. Msomaji wa jarida hili atapendezwa kujua kwamba neno la Kiingereza linalotajwa hapo kwa maana ya hatari lina asili ya Kifaransa cha kale, jeu parti, yaani mchezo uliogawanyika nusu kwa nusu, ambao haijulikani nani atashinda. Kadhalika majibu mawili ambayo mshtakiwa aliweza kuyatoa mahakamani yalibaki katika Kifaransa: autrefois acquit, yaani nilikwisha kuonekana sina hatia, na autrefois convict, yaani nilikwisha kuonekana nina hatia. Hivyo hata Mwingereza mwenyewe alilindwa kwa maneno ambayo hakuyatumia nyumbani kwake. Tofauti ni kwamba maneno hayo, ingawa yalikuwa mageni, yalikuwa na mpaka. Kila moja lilitaja hukumu iliyokwisha kutolewa. Hapakuwa na jibu la tatu la mtu aliyesema tu kwamba aliwahi kuletwa mahakamani akaachwa.

4. Kwa njia ya India

Kanuni hii haikutufikia moja kwa moja toka London. Kwa Amri ya mwaka 1897 Waingereza walizileta katika Himaya ya Afrika Mashariki sheria walizokwisha kuzitunga kwa ajili ya India. Sheria ya India ya Mwenendo wa Jinai ya mwaka 1898, katika kifungu chake cha 403, ilisema kwamba mtu aliyekwisha kuhukumiwa na mahakama yenye uwezo, akaonekana ana hatia au hana, hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile maadam hukumu hiyo bado inasimama. Lakini chini ya kifungu hicho waliandika maelezo mafupi yenye uzito mkubwa: kwamba kutupwa kwa malalamiko, kusimamishwa kwa kesi, na kufunguliwa kwa mshtakiwa bila hukumu, yote hayo si kuonekana hana hatia.

Hapo ndipo ulipochorwa mpaka ambao mvuvi wa pwani angekuja kujikwaa juu yake.

India yenyewe inatupa mfano mwingine wa uzito wa neno. Katiba yake ya 1950, kifungu cha 20, inakataza mtu kushtakiwa na kuadhibiwa zaidi ya mara moja kwa kosa moja. Mahakama za India zimelichukua neno lile “na” kwa maana yake kamili: kinga ya Katiba humhusu mtu ambaye mara ya kwanza alishtakiwa na pia akaadhibiwa. Aliyeshtakiwa akaonekana hana hatia hana budi kutafuta kinga yake katika sheria ya mwenendo wa jinai, si katika kifungu hicho cha Katiba. Kiunganishi kimoja kimegawa watu mafungu mawili.

Kenya ilipata Sheria yake ya Mwenendo wa Jinai mwaka 1930. Kifungu cha 138 kinaifuata ile ya India kwa karibu: aliyekwisha kuhukumiwa, awe ameonekana ana hatia au hana, hashtakiwi tena kwa kosa lile kwa mambo yale yale, maadam hukumu haijatenguliwa. Kanuni hiyo ilitiwa pia katika sura ya haki za binadamu ya Katiba ya uhuru ya 1963, ikaendelea katika kifungu cha 77 cha Katiba iliyotumika hadi 2010. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inamhakikishia kila mshtakiwa kwamba hatashtakiwa kwa tendo ambalo alikwisha kuhukumiwa kwalo.

Lakini tutazame kifungu cha 87 cha ile Sheria ya Mwenendo wa Jinai. Kinampa mwendesha mashtaka njia ya kuliondoa shtaka katika mahakama ya chini. Akiliondoa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mshtakiwa hufunguliwa, na kufunguliwa huko hakuzuii kushtakiwa tena kwa mambo yale yale. Akiliondoa baada ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, mahakama humhukumu kuwa hana hatia, na hapo mlango umefungwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 157, imeongeza kwamba mashtaka hayaondolewi ila kwa ruhusa ya mahakama, na kwamba yakiondolewa baada ya upande wa mashtaka kumaliza ushahidi wake, mshtakiwa hana budi kuonekana hana hatia. Basi watu wawili waweza kutoka katika mahakama moja siku moja, wote wanakwenda nyumbani, wote wanapigiwa vigelegele, na mmoja ana kinga ya Katiba ilhali mwenziwe hana kitu.

5. Tatizo la neno “kuachiliwa”

Sheria ya Kenya inaruhusu Kiswahili kutumiwa katika mahakama za chini, na inaamuru ushahidi ufasiriwe katika lugha ambayo mshtakiwa anaifahamu. Aghalabu Kiswahili ndicho lugha hiyo. Sasa, kile ambacho Kiingereza cha mahakama hukitenga kwa maneno mawili tofauti, sisi twakisema kwa neno moja: ameachiliwa. Magazeti na redio nazo zatangaza kwamba mahakama imemwachilia fulani, au imetupilia mbali kesi ya fulani, bila kueleza ni kwa njia gani.

Ubaya wa neno hili hauishii katika kufunika maana mbili. Tukilichunguza kwa jicho la sarufi tutaona kwamba linaelemea upande mmoja. Mzizi wake ni -acha. Nyongeza ya -ilia katika Kiswahili mara nyingi huleta maana ya kitendo kilichotiliwa nguvu au kufikishwa mwisho wake: kutupa kitu ni jambo moja, kukitupilia mbali ni kukitupa moja kwa moja, kushika ni jambo moja, kushikilia ni kushika bila kulegeza. Hivyo msikilizaji anapoambiwa “umeachiliwa”, umbo lenyewe la neno lamwambia kwamba jambo limekwisha. Ndege akiachiliwa, hatutarajii kumwona tena tunduni. Tukiongeza neno “huru”, kama wafanyavyo wengi, twazidi kumhakikishia jambo ambalo mahakama haikumhakikishia.

Kadhalika neno hili lataja mwili wa mtu tu. Lasema kwamba pingu zimetoka na miguu yaweza kwenda. Halisemi lolote juu ya shtaka. Lakini tumeona kwamba tangu siku za Philip de Broi kinga haitegemei miguu ya mtu imekwenda wapi. Yategemea shtaka limefikia wapi.

Naona basi kwamba wakalimani na waandishi wetu wangefaa kuzoea kutaja mambo mawili kila mara: lililompata mtu na lililolipata shtaka. Kwa yule wa kwanza yaweza kusemwa: “Shtaka limeondolewa bila hukumu, nenda nyumbani, lakini waweza kushtakiwa tena.” Kwa yule wa pili: “Mahakama imekuhukumu kuwa huna hatia; huwezi kushtakiwa tena kwa jambo hili, isipokuwa hukumu hii itenguliwe na mahakama ya juu.” Maneno haya si mapya, wala hayahitaji kamati ya istilahi. Ni marefu kidogo kuliko neno moja, na urefu huo ndio bei ya ukweli.

6. Je, kinga hii inastahili kulindwa?

Huenda msomaji akauliza kama kanuni hii yafaa kuhangaikiwa, maana yaweza pia kumficha mhalifu. Swali hilo ni la haki, na Waingereza wenyewe wamelikabili. Mwezi Aprili 1993 kijana mweusi, Stephen Lawrence, aliuawa katika kituo cha basi kusini mwa London na kundi la vijana wa kizungu. Wazazi wake, baada ya kuona serikali haiendelei na mashtaka, walishtaki wenyewe. Kesi hiyo ilianguka mwaka 1996 na washtakiwa watatu wakaonekana hawana hatia. Ripoti ya Sir William Macpherson ya 1999 ilikosoa vikali kazi ya polisi, na ikapendekeza ifikiriwe kama kanuni ya kutoshtakiwa mara mbili ilegezwe. Sheria ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika Aprili 2005, iliilegeza kwa makosa mazito, pakiwepo ushahidi mpya wenye nguvu, na kwa idhini ya Mahakama ya Rufani. Kwa njia hiyo mmoja wa wale watatu alishtakiwa tena, na Januari 2012 akaonekana ana hatia pamoja na mwenzake ambaye hakuwahi kuhukumiwa.

Sidhani kwamba kisa hiki chaifanya kanuni yenyewe kuwa mbaya. Serikali ina polisi, mawakili, fedha na wakati. Mtu mmoja ana maisha yake tu. Serikali ikiruhusiwa kurudia mpaka ishinde, hapana atakayelala usingizi. Lakini tutazame namna kinga ile ilivyopunguzwa huko: kwa ripoti, kwa mjadala wa Bunge, kwa sheria iliyochapishwa, na kwa majaji kupima kila ombi. Raia aliweza kujua kilichopungua. Mtu wetu aliyeambiwa “umeachiliwa” hajui kwamba hana kinga, kwa sababu neno alilopewa limemwambia anayo. Huenda akauza vyombo vyake vya kazi kulipa madeni ya kesi anayodhani imekwisha. Huenda asiwatafute mashahidi wake wakati wangali wanakumbuka.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba kanuni ya kutoshtakiwa mara mbili haisemi kwamba yaliyopita si ndwele. Yasema kwamba jambo likiisha kuhukumiwa lihesabiwe limehukumiwa. Kasisi wa Bedford aliifaidi kwa Kilatini, Thornton hakuipata mpaka alipotupa glavu, na sisi tuliipokea kwa Kiingereza cha India. Kila mahali imemlinda aliyejua kesi yake ilikwisha vipi. Kazi ya kumjulisha Mkenya jambo hilo kwa lugha anayoisikia ni kazi ya mahakama, lakini pia ni yetu sisi tunaofundisha lugha hii na kuwatoa wakalimani madarasani mwetu.

Kesi ya pili ya jirani yangu ilisikilizwa hadi mwisho. Shahidi alikuja, akahojiwa, na jirani yangu akajitetea kwa kirefu. Hakimu alimhukumu kuwa hana hatia. Safari hii alikuwa amepata kinga kamili, ile ambayo Becket aliipigania na ambayo Katiba yetu imeiandika. Mkalimani alimgeukia akasema: “Mzee, mahakama imekuachilia. Nenda nyumbani.” Nje hakuna aliyepiga kigelegele. Yeye mwenyewe alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini: “Mwalimu, hii ya leo ni kama ile ya kwanza, au ni nyingine?”